Daftari la kurasa 96: ofisi ya msaada wa sheria niliyoitumia Lamu baada ya talaka

Nimewapa nyota 4 kati ya 5. Ile moja niliyoizuia ni kwa ajili ya ukuta wa plaiwudi, na huo ukuta nitaufikia.

Jina la ofisi silitaji. Dada aliyenihudumia aliniomba nisilitaje, na mimi mwenyewe nina maneno ya kuwasema humu ambayo sitaki yamfuate mtu hadi kwake. Aliyeko Amu, ndiyo Lamu yenyewe, haitampa tabu kuipata: ni Langoni, juu ya ngazi za mawe zilizolika katikati kama sahani, mlango wa kijani, na karatasi imebandikwa kwa gundi ya tepu: HUDUMA NI BURE, USITOE KITU KWA MTU YEYOTE. Wana meza 2, feni 1, na benchi la kungojea ambalo mguu wake mmoja umetiliwa kigae.

Mimi ni muuza mahamri. Tangu mwaka 2014 nakaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi nyumbani, wateja huja mlangoni baada ya sala ya alfajiri. Baba watoto ni nahodha wa boti ya wageni: Amu, Shela, uwanja wa ndege wa Manda, na akipata wateja wazuri, Kiwayu. Tulikaa miaka 14, Mungu akatujaalia watoto 3, mkubwa ana miaka 13 na mdogo 4. Septemba 2023 alinipa talaka moja, eda ikaisha hakunirejea. Sababu za talaka hamtazipata hapa. Zitafuteni barazani, huko zimejaa, na nyengine hata mimi nilizisikia huko kwa mara ya kwanza.

Kabla ya ofisi hii nilikwenda kwa wakili, wa mji mwengine. Nilivuka Mokowe, nikapanda basi, nikakaa chini ya kiyoyozi chake. Alinisikiliza dakika 10. Akasema, "Mama, sheria ya siku hizi ni nusu kwa nusu. Boti nusu yako, vyombo vya nyumba nusu yako, na watoto atawalipia 20,000 kila mwezi, apende asipende." Akataka 60,000 za kufungua faili. Nilimwachia 15,000 nilizokuwa nazo, nikarudi na nusu ya boti kichwani. Kwenye basi nilikwisha iuza hiyo nusu, nimenunua friji ya barafu, nimepaka nyumba chokaa, na zimebaki za kumtahirishia mtoto. Wiki iliyofuata simu zangu zikawa hazipokewi.

Ndipo mama akanishika mkono tukapanda zile ngazi za Langoni.

Dada wa ofisini si wakili, ni msaidizi wa sheria, na hilo alilisema kabla sijakaa: yeye hasimami mahakamani, anachoweza ni kueleza, kuandika, kusuluhisha, na kumwelekeza mtu mlango wa kugonga. Alinisikiliza. Nililia, akangoja. Nilipomaliza aliuliza kwa Kiamu chetu, pole pole, kama anayeuliza bei ya samaki: "Zitu zako ni zipi? Zake ni zipi? Na kila kimoya, una nini cha kuonyesha?"

Sikuwa na jibu. Mama akashindwa kujizuia: "Matozi anayo tele, karatasi hana hata moya."

Basi akanituma duka la chini nikanunue daftari la kurasa 96. Shilingi 60. Hiyo ndiyo ada pekee niliyotoa siku ile. Alilifungua katikati, akapiga mstari kwa rula: ukurasa wa kushoto, kilichoingia katika nyumba na aliyekiingiza; ukurasa wa kulia, ushahidi. Risiti, ujumbe wa simu, taarifa ya M-Pesa, au mtu aliyeshuhudia. "Ukikosa cha kuandika kulia, usifute cha kushoto," aliniambia. "Kiache. Tutakijua kwamba kipo peke yake."

Niliandika wiki 2. Usiku, watoto wakilala, nakaa na daftari juu ya kasha. Ni kazi ya ajabu kuandika ndoa yako kwa namna ile. Mambo uliyodhani makubwa yanakuwa mstari mmoja, na mengine uliyoyasahau yanajaza kurasa. Nilikuta kwamba kwa miaka 9 nilikuwa nikinunua petroli ya boti kwa pesa za mahamri kila msimu wa kusi, wageni wakiwa hakuna, na sina risiti hata moja ya petroli hiyo. Ukurasa wa kulia mweupe pe.

Lakini risiti ya sonara niliipata. Ilikuwa chini kabisa ya kasha la marehemu bibi, imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa, wino wa samawati umefifia lakini tarakimu zinasomeka: gramu 48, kwa 3,800, jumla 182,400. Ni bangili zangu 4 za mahari. Niliziuza mwaka 2019 ili anunue mashine ya boti, Yamaha ya nguvu farasi 40, mkono wa pili, iliyokuwa ikiuzwa Mombasa kwa 240,000. Yeye alikuwa huko anangoja, mimi nipo Amu natuma. Wakati ule M-Pesa haikupitisha zaidi ya 70,000 kwa mara moja, kwa hivyo nilituma 70,000, nikatuma 70,000 nyengine, na kesho yake 42,400. Risiti ya mashine imeandikwa jina lake. Ya bangili imeandikwa langu. Taarifa ya M-Pesa tuliiomba kwa kampuni ya simu, na ile mistari 3 ilipotoka, dada aliipigia mstari kwa kalamu ya rangi akasema, "Alhamdulillahi," kama aliyepata yeye.

Sasa mambo ya sheria, na hapa ndipo ofisi ilipolipia nyota zake. Nilimwambia kuhusu nusu kwa nusu. Hakumcheka wakili wala hakumsema. Alinieleza hivi, na nayaandika kama nilivyoyaelewa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakioana, wakiwa katika ndoa, na wakiachana. Watu wengi husoma hapo wakasimama. Lakini Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali hiyo ni ya kila mmoja kwa kadiri ya alichochangia kuipata, na wakiachana ndivyo igawanywavyo. Mchango si pesa peke yake: kupika, kulea, kusimamia nyumba, kuendesha biashara ya familia, kulima shamba, hata kule kuwa mwenza wa mtu, vyote vimetajwa. Kisha Januari 2023 Mahakama ya Juu ikakata shauri kwamba haki sawa haimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mtu aonyeshe alichotia. Na katika kesi ileile yule mama aliachiwa nusu yake, kwa kuwa alionyesha.

"Kwa hivyo kulea kwangu kunahesabiwa?" nikamuuliza.

"Kunahesabiwa. Lakini hakuji kwenyewe mahakamani. Lazima ukuchukue ukupeleke."

Halafu akanifungulia mlango wa pili. Sheria ileile ya 2013 inamruhusu Mwislamu mambo yake ya mali ya ndoa yaamuliwe kwa sheria ya Kiislamu. Na Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, anasikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wote wawili ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Kwa Kadhi hakuna chungu kimoja cha mume na mke. Cha mke ni chake, cha mume ni chake, mahari ni ya mke hadi mwisho wa dunia, na kilichochanganyika kitazamwe nani alitia nini. Yaani mahamri na kulea havitakuwa na uzito ule, ila bangili zitakuwa nazo.

Dada hakunisukuma mlango wowote. Mimi nikachagua kwa Kadhi, na sababu yangu haikuwa ya kitabu. Ni nyumba.

Wasio wa huku huenda wasielewe. Kwetu Amu, mtu mwenye uwezo wake huozesha binti na nyumba. Mume ndiye anayehamia. Baba yangu alinipa nyumba ya mawe, chini vyumba 2 na ua, juu sakafu tupu ya kuanikia. Ile sakafu tupu, mume wangu aliipandishia chumba na ngazi mwaka 2017, tulipopata mtoto wa pili. Nilipoitaja kwa dada, nilikuwa naitaja kama sifa, kwamba hata yeye aliona nyumba ni yetu sote. Akanitazama. Akafungua ukurasa mpya wa daftari langu mwenyewe, akaandika kushoto: *Chumba cha juu. Yeye.*

Nilihisi nimeingizwa mkono mfukoni. "Mbona ni nyumba yangu?"

"Nyumba ni yako. Chumba ametia yeye. Tukisema bangili zako zimo ndani ya mashine yake, tutasemaje saruji yake haimo ndani ya nyumba yako?"

Naomba niseme wazi kwamba siku ile nilimchukia. Nilishuka zile ngazi nikasema sirudi. Nilikwenda kutafuta mtu wa upande wangu, nikakuta mtu wa hesabu. Nilikaa nyumbani wiki nzima. Kilichonirudisha ni mama, aliyesema kwamba hata wakili wa kiyoyozi alikuwa upande wangu, na 15,000 zangu zi wapi.

Usuluhishi ulikuwa Jumatano, baada ya adhuhuri. Baba watoto alikuja na ami yake, mzee wa kofia ya vito, maalimu wa chuo cha Kurani, mtu ambaye mimi hata sasa nikimwona njiani namwamkia shikamoo na kumpisha. Ofisi ilikuwa imempa mwenzangu kazi ileile ya daftari, jambo ambalo sikulijua mpaka alipolitoa daftari mfukoni. Lake lilikuwa limelowa maji ya chumvi upande mmoja. Kwa namna fulani lile doa la maji lilinipunguza hasira. Nilimwona anaandika boti likiyumba, ulimi nje, kama anavyoandika siku zote.

Ami alianza yeye. "Mwanamke hana fungu katika chombo. Tangu wazee wetu, chombo ni cha nahodha."

Dada hakubishana. Alichukua penseli, akachora boti kwenye karatasi. Boti mbaya, kama la mtoto wa chekechea. "Mwili wa boti ni wa nani, maalimu?" Wa mpwa wangu, aliachiwa na babake. "Sawa, hatuugusi." Akaupiga kivuli. Akachora mashine nyuma. "Na hii?" Kimya. Akaweka risiti ya sonara juu ya meza, na chini yake ile taarifa ya M-Pesa, mistari 3 ya rangi. Ami alivaa miwani. Alisoma tarehe, akasoma tarakimu, akamgeukia mpwawe: "Bangili za mahari?" Baba watoto akainamisha kichwa. Ami akavua miwani akaifuta kwa kanzu muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena habari za wazee na chombo.

Hesabu ilikuwa hivi. 182,400 kati ya 240,000 ni asilimia 76. Lakini mashine ya 2019 si mashine ya leo. Fundi aliyekubaliwa na pande zote aliitazama akasema bei yake sasa ni 150,000. Asilimia 76 ya hiyo ni 114,000. Hizo ni zangu. Kisha chumba. Yeye alidai 300,000. Ukurasa wake wa kulia ulikuwa na risiti za boriti, saruji na mabati, na karatasi ya mwashi iliyotiwa kidole gumba, jumla 96,000. "Na zile nilizolipa mkononi?" akauliza. Dada akamjibu, "Hata mwenzako ana petroli ya miaka 9 aliyolipa mkononi. Tuziache zote, au tuziite zote bila ushahidi. Chagueni." Tukaziacha.

114,000 kutoa 96,000. Zikabaki 18,000.

Elfu kumi na nane. Mimi niliyeuza nusu ya boti kwenye basi. Nilitazama ile tarakimu chini ya mstari wa rula, nikaona kichwa kinazunguka, nikaomba maji. Usiku sikulala, na asubuhi niliunguza mahamri, mteja mmoja akanirudishia akidhani nimeweka kahawa.

Pamoja na hizo 18,000 alitia sahihi kwamba nyumba, chini na juu, hana dai nayo yeye wala warithi wake. Mama aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kasha mahali palepale ilipokuwa risiti ya sonara. Samadari, kabati, friji na sufuria havikuchukua hata dakika 5: vilivyokuja na mimi vikabaki, televisheni akachukua yeye, na seti ya sahani za wageni hakuna aliyeitaka. Masrufu ya eda na kiliwazo cha talaka alikuwa bado hajanipa. Yakaingizwa humohumo, makubaliano yote yakapelekwa kwa Kadhi, yakawa hukumu, na alilipa. Hapo sina neno.

Watoto walichukua kikao cha pili, kirefu zaidi, na kwa kweli huku ndiko ningependa watu waangalie.

Bajeti yangu ya kwanza ilikuja 38,000 kwa mwezi. Nilitia kila kitu, mpaka safari ya Mombasa. Dada aliipitia na penseli: unga, mchele, nazi, samaki, sabuni, dawa, ada ya chuo, chakula cha mchana shuleni, viatu. Alinifundisha kuandika "viatu, jozi 2 kwa mwaka kwa kila mtoto" badala ya "mavazi". Ilipomalizika ilikuwa 24,000, na ilisimama yenyewe, kila mstari una maelezo yake. Alinionyesha kifungu cha 53 cha Katiba: jukumu la kumtunza mtoto ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyohiyo. Katika dini yetu masrufu ya mtoto ni juu ya baba, hata mama awe na mali. Nilitaka kushika hili la pili peke yake, natumai mnanielewa. Lakini tulikubaliana mimi nibebe kilicho ndani ya uwezo wa mahamri, ile sehemu ya jikoni ya kila siku, na yeye abebe iliyobaki pamoja na ada za shule, akizilipa moja kwa moja shuleni.

Mgogoro ukawa kiwango. Nilisema 20,000 kila mwezi, kama nilivyoahidiwa na yule wakili. Baba watoto akasema, "Mwezi wa tano nitazitoa wapi? Kusi inavuma, mgeni hakuna, nakaa gatini nakuna rangi ya boti." Ni kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nikinunua petroli ya miezi hiyo, nani ajuaye kuliko mimi. Lakini nilikaa kimya, nikaacha ahangaike.

Aliyetutoa ni ami. Akasema, si kwa ukali, kama anayesomesha, kwamba Surat Talaq imelimaliza jambo hili: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika alichopewa na Mwenyezi Mungu. "Basi pesa zifuate upepo," akasema. Dada akaweka penseli chini. Nadhani hata yeye hakuwahi kulifikiria.

Tukaandika hivi: Novemba hadi Machi, miezi 5 ya kaskazi na wageni, 18,000 kwa mwezi. Aprili hadi Julai, 9,000. Agosti hadi Oktoba, 15,000. Kwa mwaka ni 171,000. Siku ya kulipa ni tarehe 5, kwa M-Pesa, ili kila malipo yajiandike yenyewe. Ukipiga wastani ni 14,250 kwa mwezi, chini ya zile 20,000 za kiyoyozini. Ila 20,000 za mwezi wa tano ni pesa za kwenye karatasi, hazinunui hata nazi. Ofisi ikatupeleka kwa afisa wa watoto, makubaliano ya malezi yakaandikwa mbele yake na kusajiliwa mahakamani, kwa hivyo akiyavunja anavunja amri. Watoto wanalala kwangu, Ijumaa na Jumamosi wanakwenda kwake, na Idi wanagawana, mchana wa kwanza hapa, wa pili kule.

Mpaka naandika haya ni miezi 14. Amechelewa mara 2, na mwezi mmoja wa kusi hakutuma kitu, akaja kulipa Agosti pamoja na wa Agosti. Nililiandika katika daftari. Hilo la kufuatilia ni pungufu moja la ofisi: ukishatia sahihi wamekwisha nawe. Nilipopanda kuuliza nifanye nini na mwezi uliokosekana, nilimkuta mtu mgeni asiyelijua faili langu, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kati ilikuwa imepotea. Ilinibidi nipige kopi upya kwa pesa yangu. Na fomu nyingi za mahakama ni za Kiingereza. Wanakusomea kwa upole, lakini unatia sahihi kitu ambacho jicho lako halikukipita. Wakipata mtu wa kuziandika kwa Kiswahili pembeni, watakuwa wametusaidia wengi.

Sasa ukuta. Chumba cha mashauri na benchi la kungojea vimetenganishwa kwa plaiwudi, tena haifiki juu. Siku niliyotaja bangili, gramu 48, nilisikia mtu nje akisema "mashaallah". Kabla ya magharibi mpaka muuza ndizi wa Mkunguni alikuwa anajua uzito wa mahari yangu, na jirani mmoja akaja kukopa. Katika mji huu ambao vichochoro vyake havipitishi hata punda wawili kwa ubavu, siri ya mtu ina thamani kuliko risiti. Niliwaambia. Wakasema watanunua redio waiwashe nje wakati wa mashauri. Mara ya mwisho nilipokwenda redio ilikuwapo, ila haina betri.

Wanafungua Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa 3 hadi saa 9, na wanafunga adhuhuri kwa sala. Wiki ya Maulidi msijisumbue. Nendeni mapema, benchi hujaa, na msikalie ule upande wa kigae. Mashine yao ya kopi imekufa tangu mwaka jana, kwa hivyo pigeni kopi chini kwanza, shilingi 10 kwa ukurasa: kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Daftari nunueni la kurasa 96. La 48 halitoshi, mimi nimefika ukurasa wa 71.